Pasipoti ya kwanza ya mtoto: kazi inaanzia kwenye vyeti vya wazazi

Wazazi wengi wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wanaokwenda kumwombea mtoto pasipoti ya kwanza hujiandaa kwa fomu na ada, wakadhani hayo ndiyo magumu ya safari yao. Wanapofika ofisini ndipo wanapoambiwa kwamba jina la mama kwenye cheti cha mtoto halifanani na jina lake kwenye kitambulisho cha taifa, au kwamba baba aliyetajwa kwenye cheti hajaandika ridhaa, au kwamba cheti chenyewe kina tarehe tofauti na ile ya kadi ya kliniki. Mtoto hana kosa katika hayo yote, na mara nyingi hata mzazi hakukosea kwa makusudi. Ukweli ni kwamba ombi la pasipoti ya mtoto ni ukaguzi wa nyaraka za watu watatu kwa pamoja, yaani mtoto, mama na baba, na anayelielewa hilo mapema huanza kazi miezi kadhaa kabla ya kufungua fomu.

Nitaanza na swali ambalo bado huulizwa sana, hasa na wazee: kwa nini mtoto asiandikwe tu kwenye pasipoti ya mama yake? Utaratibu huo ulikuwepo katika nchi nyingi, na wapo watu wazima leo ambao safari yao ya kwanza waliifanya wakiwa ni mstari mmoja kwenye kitabu cha mzazi. Uliachwa kwa sababu Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo ndilo linaloweka viwango vya hati za kusafiria duniani, limesisitiza kwamba kila pasipoti iwe ya mtu mmoja. Sababu yake ni ya usalama wa mtoto mwenyewe, kwa kuwa mtoto aliyetajwa kwa jina tu, bila picha yake, anaweza kubadilishwa na mtoto mwingine mpakani bila afisa kugundua. Pasipoti za kielektroniki za Tanzania, zilizozinduliwa tarehe 31 Januari 2018 na Rais John Magufuli, zina kipande cha kielektroniki kinachohifadhi taarifa na sura ya mwenye kitabu. Kwa hiyo mtoto wa miezi mitatu anayebebwa mgongoni kuvuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu kuelekea Karonga nchini Malawi, au anayepakatwa ndani ya treni ya TAZARA inayopita Tunduma kwenda Kapiri Mposhi, ni msafiri kamili mbele ya sheria. Wakazi wa mpakani wana utaratibu wao wa ujirani mwema, na Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari kwa mahitaji maalumu, lakini kwa matibabu India, kwa masomo, au kwa kumfuata mzazi anayeishi ng'ambo, pasipoti ndiyo hati inayohitajika.

Uraia kwanza

Pasipoti si kitambulisho cha kawaida. Ni tamko la serikali kwa mataifa mengine kwamba mtu huyu ni raia wake, na ndiyo maana Sheria ya Pasi na Hati za Kusafiria ya mwaka 2002 inasomwa bega kwa bega na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357. Afisa Uhamiaji anayepokea faili la mtoto anatafuta jibu la swali moja kabla ya mengine yote: uraia wa mtoto huyu umetoka kwa nani? Mtoto hawezi kuthibitisha uraia wake kwa historia yake mwenyewe, kwa sababu hana historia bado. Hajasoma vya kutosha kuwa na vyeti, hajapiga kura, na hana kitambulisho cha taifa kinachotolewa kwa waliofikisha miaka 18. Uthibitisho wake wote uko kwa wazazi, na ndiyo sababu orodha ya viambatisho inadai cheti cha kuzaliwa cha mtoto pamoja na cheti cha kuzaliwa, au kiapo cha kuzaliwa, cha mzazi.

Katika mikoa yetu swali hilo huulizwa kwa makini zaidi, na ni vyema mzazi alijue hilo bila kulichukulia kama dharau. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu waliotenganishwa na mto. Wanamwanga wako pande zote mbili za Tunduma, na Wanyiha wametawanyika katika nchi tatu. Mtu anaweza kuwa na babu aliyezikwa Malawi, shangazi aliyeolewa Nakonde upande wa Zambia, na yeye mwenyewe akawa Mtanzania asiye na shaka yoyote. Afisa anapouliza habari za babu na bibi, mzazi ajibu kwa utulivu na kwa ukweli, kwa sababu kuwa na ndugu ng'ambo ya mto hakumwondolei mtu uraia, ilhali maelezo yanayobadilika kila anapoulizwa huzaa mashaka ambayo hayakuwepo.

Lipo jambo hapa ambalo bado linawapotosha akina mama wengi. Wanaamini kwamba uraia wa mtoto hufuata wa baba peke yake, kiasi kwamba mama wa Kitanzania aliyezaa na Mzambia au Mmalawi hujiona hana haki ya kumwombea mwanawe pasipoti ya Tanzania. Sheria ya 1995 haisemi hivyo. Inamtambua baba au mama, na mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mama Mtanzania ni raia kwa kurithi kama ambavyo angekuwa kupitia kwa baba. Mpaka uliowekwa na sheria ni kwamba mzazi ambaye yeye mwenyewe ni raia kwa kurithi, akizaa tena nje ya nchi, hampitishii mtoto uraia huo moja kwa moja. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili kwa kuzaliwa anaruhusiwa kuwa nao hadi afikishe miaka 18, kisha atatakiwa kuchagua, kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha.

Kwa familia za Kyela, Ileje na Momba jambo hili si la mbali. Mama hushikwa na uchungu akiwa upande wa pili, akajifungua katika hospitali ya Karonga au Nakonde, kisha akarudi nyumbani na mtoto. Ndugu hushauri kwa nia njema kwamba mtoto aandikishwe kana kwamba amezaliwa Kyela, ili kupunguza usumbufu. Ushauri huo ni mbaya, nami nausema kwa uzito, kwa sababu kutoa taarifa za uongo ili kupata pasipoti ni kosa la jinai, na kwa sababu hauna faida yoyote: mtoto huyo tayari ni raia kupitia kwa mama yake. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha nchi alikozaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi.

Cheti cha kuzaliwa

Kwa mtoto aliyezaliwa hapa nchini, cheti kinachokubalika ni kile cha Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kadi ya kliniki haitoshi, tangazo la kizazi linalotolewa hospitalini halitoshi, na cheti cha ubatizo hakitoshi, ingawa vyote vitatu ni ushahidi mzuri wa kukipatia cheti chenyewe. Wazazi wengi huliweka tangazo kabatini miaka na miaka wakiamini kuwa ndilo cheti, kwa kuwa lina mhuri na jina la mtoto.

Mbeya ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mwaka 2013, mkoa huu, ambao wakati huo ulijumuisha pia eneo ambalo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe, ulianza kutekeleza mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya umri wa miaka mitano, ambao RITA iliuendesha kwa kushirikiana na UNICEF na wadau wengine, na baadaye mpango huo ukaenea mikoa mingine ikiwemo Iringa na Njombe. Kabla ya hapo mzazi wa Busokelo au Chunya alilazimika kusafiri hadi ofisi ya wilaya na kulipa ada. Chini ya mpango huo, kituo cha afya na ofisi ya mtendaji wa kata viligeuka kuwa vituo vya usajili, taarifa zikatumwa kwa simu ya mkononi, na mtoto akapewa cheti cha kwanza bure, papo hapo. Watoto waliosajiliwa wakati ule wa mwanzo sasa ni vijana wanaomaliza sekondari au walioikaribia, na wengi wao ndio wanaoombewa pasipoti leo.

Vyeti hivyo viliandikwa kwa mkono. Mwandikaji alikuwa muuguzi mwenye foleni ya akina mama nje ya mlango au mtendaji mwenye shughuli nyingine kumi, naye aliandika alichosikia. Hapo ndipo jina Anyosisye lilipoandikwa Anyosisie, Ambakisye likapoteza herufi, na ukoo unaoanza na Mwa ukaandikwa kwa namna ambayo familia haijawahi kuutumia. Mzazi akichukue cheti cha mtoto leo, akisome herufi kwa herufi, na akilinganishe na kitambulisho chake. Akiona kosa, marekebisho hufanywa na RITA kupitia ofisi ya wilaya alikozaliwa mtoto, kwani kizazi husajiliwa wilaya kilikotokea. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya Tukuyu na kukulia Makambako ana kumbukumbu zake Rungwe. Jambo dogo ambalo ningependa lizingatiwe: cheti kisifunikwe kwa plastiki ya moto, maana karatasi iliyogandishwa ndani ya plastiki ni vigumu kuikagua. Bahasha ngumu inatosha.

Kwa mtoto mkubwa ambaye hakuwahi kusajiliwa, usajili wa kuchelewa unawezekana, lakini huhitaji ushahidi mwingi zaidi, kama vile kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, nyaraka za shule, vitambulisho vya wazazi na barua ya mtendaji. Kazi hiyo ifanywe mwanzo kabisa, kwa sababu ombi la pasipoti haliwezi kusonga bila cheti hicho.

Majina

Sehemu hii ndiyo inayokwamisha mafaili mengi, nami nitakaa hapo kidogo.

Fikiria mama ambaye kwa wazazi wake aliitwa Atupele na ukoo wa baba yake. Alipoanza shule akaandikwa kwa jina la ubatizo. Alipoolewa akaanza kliniki, na muuguzi akamwandika kwa jina la kwanza pamoja na ukoo wa mume, kwa kuwa ndivyo alivyojitambulisha mume aliyemsindikiza. Jina hilo la kliniki ndilo lililohamia kwenye tangazo la kizazi, na kutoka kwenye tangazo likaingia kwenye cheti cha mtoto kama jina la mama. Miaka ikapita, akajiandikisha kwa Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, akatumia cheti chake cha shule kama ushahidi, na kitambulisho kikatoka na jina la ubatizo na ukoo wa baba yake. Mama huyu hakudanganya popote. Hata hivyo, mtu asiyemfahamu akiweka cheti cha mtoto na kitambulisho chake mezani, anaona wanawake wawili tofauti, na sheria haimruhusu kukisia kwamba ni mmoja.

Dawa hutegemea aina ya tofauti. Ikiwa mtu ni mmoja na majina yote mawili ni yake, anaapa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, akiyataja yote kama yalivyo katika kila hati. Ikiwa anataka kuliacha jina moja na kubaki na lingine moja kwa moja, hapo anahitaji hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na ambayo haina nguvu kamili kabla ya kusajiliwa. Watu wengi huchanganya hati hizi mbili, wakalipia moja ilhali walihitaji nyingine. Ikiwa tofauti ni kosa la mwandikaji tu, suluhisho bora ni kurekebisha hati yenye kosa kwenye ofisi iliyoitoa, yaani RITA kwa cheti au NIDA kwa kitambulisho. Kwa maoni yangu, mzazi mwenye muda asikimbilie kiapo kwa kosa linaloweza kurekebishwa, kwa sababu kiapo humfuata mtoto kila anakokwenda, kuanzia shule hadi mikopo ya elimu ya juu, ilhali cheti kilichorekebishwa humaliza jambo mara moja.

Tarehe nazo zina mtego wake. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenye namba, kwa hiyo afisa anaisoma tarehe ya mzazi kabla hata hajafungua kiambatisho. Mzazi ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina mwaka mmoja na namba yake ya NIDA ina mwaka mwingine ajue kwamba tofauti hiyo itaonekana papo hapo, na ailete pamoja na maelezo yake badala ya kutumaini kwamba itapita.

Kuhusu jina la mtoto mwenyewe, uamuzi ufanywe kabla ya ombi. Watoto wengi wa nyanda hizi wana jina la nyumbani walilopewa na bibi, jina la ubatizo lililokuja baadaye, na jina la shule ambalo ni mchanganyiko wa hayo mawili. Pasipoti itafuata cheti cha kuzaliwa. Kama familia inapenda jina jingine litumike, cheti kibadilishwe kwanza, kisha shule ijulishwe, na pasipoti iwe ya mwisho.

Ridhaa ya wazazi

Mtoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na mtu wa umri huo haombi pasipoti kwa utashi wake. Wazazi ndio wanaoridhia kwa maandishi, wakiambatanisha vitambulisho vyao. Barua nzuri ya ridhaa ni fupi. Hutaja jina kamili la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, majina na namba za NIDA za wazazi, nchi anayokwenda, sababu ya safari, na mtu atakayefuatana naye, kisha wazazi wote wawili wanatia sahihi na kuweka namba za simu wanazopatikana.

Wapo wanaoliona sharti hili kama urasimu. Mimi naliona kama ulinzi. Mikoa yetu, na Iringa hasa, inajua kwa uchungu habari za watoto wa kike wanaochukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa na kuishia kwenye kazi za ndani mijini, na mpaka wa nchi ukishavukwa inakuwa vigumu zaidi kumrudisha mtoto. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu 2008, lakini kabla sheria hiyo haijafikia kutumika, barua ya ridhaa ndiyo kizuizi cha mapema kinachomsimamisha mtu mwenye nia mbaya.

Ugumu hujitokeza pale familia isipokuwa baba na mama walioketi nyumba moja. Baba akiwa anafanya kazi nje ya nchi, ridhaa yake inaweza kuandikwa huko na kuthibitishwa na ubalozi wa Tanzania. Mzazi akiwa amefariki, kinachotakiwa ni cheti cha kifo, na familia nyingi hazina, kwa kuwa mazishi yalifanyika kijijini na hakuna aliyewahi kuona umuhimu wa karatasi. RITA husajili pia vifo, na kazi hiyo inawezekana hata baada ya miaka kupita, ila inahitaji ushahidi na uvumilivu. Wazazi waliotengana kwa ugomvi wajue kwamba kumficha mwenzako ombi la pasipoti si njia. Pale mzazi mmoja anapokataa bila sababu au hajulikani aliko, suala lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ikibidi mahakamani, ili uamuzi uwe na nguvu ya kisheria.

Kwa mama asiyeolewa ambaye cheti cha mtoto hakina jina la baba, hali ni tofauti, kwani hakuna mtu wa pili anayetambuliwa na hati hiyo. Mama hueleza hali yake kwa maandishi au kwa kiapo kadiri afisa atakavyomwelekeza. Kisicho sahihi ni ile desturi ya kumwandika babu au mjomba kama baba wa mtoto ili nafasi isibaki wazi. Nia yake ni kumsitiri mtoto na mama yake, nami naielewa, lakini matokeo yake ni mazito. Kwa hati hiyo mtoto anakuwa ndugu wa mama yake mwenyewe, ridhaa ya babu inakuwa lazima, na babu akifariki cheti chake cha kifo kitadaiwa kama cha mzazi. Familia iliyo katika hali hii itafute ushauri wa RITA na wa ustawi wa jamii kabla ya kugusa fomu ya pasipoti.

Kundi kubwa zaidi, na linalosahaulika zaidi, ni la watoto wanaolelewa na bibi. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima, Njombe ikiwa na asilimia 11.4, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Nyuma ya takwimu hizo kuna nyumba nyingi za Makete, Ludewa na Mufindi ambamo bibi ndiye mama na baba. Bibi huyo amemlea mtoto tangu akiwa mchanga, kijiji kizima kinamjua kama mzazi wake, na bado mbele ya sheria si mlezi anayeweza kuridhia safari ya nje mpaka awe na uthibitisho. Barua ya serikali ya kijiji inaeleza hali halisi na inafaa kuambatanishwa, ila amri ya mahakama ya ulezi ndiyo inayomaliza shaka. Njia ya kuifikia hupitia kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye huandika taarifa kuhusu familia hiyo. Mtoto akipata ghafla nafasi ya masomo au rufaa ya matibabu nje ya nchi, ukosefu wa amri hiyo ndio unaoweza kumkosesha, na ndiyo maana natamani kila bibi mlezi aitafute mapema, hata kabla safari yoyote haijatajwa. Mtoto aliyeasiliwa kisheria ana njia nyepesi zaidi, kwa kuwa amri ya kuasili inamfanya mzazi mpya kuwa mzazi kamili.

Fomu, malipo na picha

Baada ya hayo, sehemu iliyobaki ni fupi. Ombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, mfumo hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo wengi huiita kontroli namba, na malipo hufanywa benki au kwa simu. Ada iliyotangazwa pasipoti za kielektroniki zilipoanza ni shilingi 150,000, ambapo 20,000 ni za fomu na zinazobaki ni za kitabu. Fomu huchapishwa na kupelekwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na nakala na vyeti halisi, na mtoto mwenyewe aende, kwa kuwa anayeombewa lazima aonekane.

Wengi hujaziwa fomu kwenye stesheneri, jambo ambalo si baya kwa asiye na kompyuta, mradi mzazi akae pembeni ya anayejaza na asome kila mstari kabla haujatumwa. Barua pepe na namba ya simu zinazoandikwa ziwe za mzazi. Zikiwa za mwenye stesheneri, taarifa zote za maendeleo ya ombi zitakwenda kwake. Pesa nazo zilipwe kwa kontroli namba pekee, kamwe zisitumwe kwenye namba ya simu ya mtu anayedai kwamba ana jamaa ndani. Vishoka wa aina hiyo wako karibu na ofisi nyingi za umma, na kitu pekee wanachouza ni haraka ya mzazi aliyechelewa kujiandaa.

Picha ya mtoto mchanga inastahili maelezo yake, kwani hapo wazazi huhangaika bila sababu. Sura nzima ionekane, macho yawe wazi, mdomo umefungwa, na mkono wa mama usionekane popote. Mpiga picha mzoefu, kama wanavyopatikana Mwanjelwa au katikati ya mji wa Iringa, humlaza mtoto chali juu ya shuka la rangi ya bluu hafifu iliyonyooshwa vizuri na kupiga kutoka juu, huku mama akiwa amesimama nyuma ya kamera akimwita. Mtoto aende akiwa ameshiba na ameamka kwa hiari yake. Kofia ya sufu, ambayo kwa baridi ya Uyole au Mafinga mtoto haivui hata ndani ya nyumba, itolewe kwa dakika chache hizo, na krimu inayong'aa usoni ifutwe ili mwanga usirudi.

Pasipoti ikitoka, isomwe pale pale ofisini kabla ya kuondoka: majina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, jinsia, na ile mistari miwili ya herufi na alama chini ya ukurasa wa picha, kwa kuwa kosa linaloonekana siku hiyo ni rahisi kuripotiwa kuliko linaloonekana uwanja wa ndege. Mzazi atoe nakala ya ukurasa wa picha na kuiweka mbali na kitabu chenyewe, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa na ya barua ya ridhaa, kwani zipo nchi zinazodai nyaraka hizo kwa mtoto anayesafiri na mzazi mmoja; Afrika Kusini, kwa mfano, iliweka sharti la cheti chenye majina ya wazazi wote wawili mwaka 2015, ingawa baadaye ililegeza. Kitabu kikipotea, taarifa hutolewa polisi kwanza na kisha Uhamiaji, na nakala hiyo iliyohifadhiwa ndiyo itakayowawezesha maafisa kuipata namba yake.